Alichokula Diwani

Sogeeni karibu, ndugu zangu wa Sumbawanga, na ninyi wa Mtowisa mnaotoka jasho mkiwa mmekaa. Habari niliyo nayo ni ya nyumba moja tu, nyumba ya Mzee Tadei na mkewe Silvana, iliyopakana uzio kwa uzio na chuo kimoja nje kidogo ya mji. Jina la chuo msiniulize. Mkuu wake bado anaitikia salamu yangu, na chai yao bado naipenda.

Nyumba ile ilikuwa na sauti yake ya amani. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala bondeni kama mgonjwa anayebembelezwa, Silvana alikuwa akiamka, anakaa kitandani, anasikiliza nyuma ya ukuta. Krau, krau, krau. Maksai wawili wanacheua. Sauti hiyo aliipenda kuliko kengele ya parokia. Kengele inakuita ukaombe chakula. Maksai akicheua, chakula kimeshaanza safari ya kuja.

Mmoja aliitwa Diwani, mwenzake Mtendaji. Tadei aliwapa majina hayo kwa makusudi, ili akiwa nyuma ya plau aweze kupaza sauti, "Diwani, acha uvivu! Mtendaji, vuta, usinitegee!" bila mtu kumpeleka kwenye baraza. Inasemekana diwani wa kata mwenyewe alipita siku moja kwa pikipiki, akasikia anavyosemwa, akasimama, akavua kofia na kuomba radhi kabla hajajua kwamba mwenzake ana pembe.

Mtendaji alikuwa mpole. Diwani alikuwa mlafi. Sikukuu ya mavuno alikula kikapu cha sadaka, mahindi pamoja na kikapu chenyewe, kisha akasimama mlangoni pa kanisa kama anayesubiri baraka. Lakini kazi aliiweza. Akiingia kwenye nira, ardhi inapasuka yenyewe kwa heshima. Tadei goti lake la kulia limechoka, hawezi tena kulima ekari zote kwa jembe la mkono. Bila Diwani, mwaka huo hakuna mahindi, hakuna ulezi. Hilo lilijulikana kwa kila mtu, mpaka kuku.

Basi, mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kulainisha udongo, Silvana aliamka kama kawaida, akakaa, akasikiliza.

Krau, krau.

Akangoja. Alizifahamu taya zile kama anavyofahamu kikohozi cha mumewe. Aliyekuwa akicheua ni Mtendaji. Diwani alikuwa kimya.

"Mama Coleta, mbona umekaa hivyo?" Tadei aliuliza kutoka ndani ya blanketi. Coleta ni binti yao, aliolewa Kasesya.

"Nasikiliza mvua."

"Mvua gani? Nje kukavu."

Silvana alijifunga kitenge, akatoka kwenda zizini. 

Mtasema ng'ombe kutocheua asubuhi moja si msiba. Kweli. Lakini mama huyu alikuwa anajua jambo ambalo mumewe hakulijua. Rudini nyuma nami kidogo, tusikawie huko.

Silvana ndiye aliyekuwa na kantini ya chuo kile. Wanafunzi walikula kwenye sahani za bati na kunywa kwenye vikombe vya bati, na kila aliyemaliza aliosha chake kwenye karai kubwa lililokaa nje ya mlango. Mambo yakaenda vizuri mpaka ikaja Juni ya mwaka wa juzi. Baridi ya Juni ya huku kwetu Ufipa mnaijua, lakini ya mwaka ule ilikuwa na chuki binafsi. Nzi walikuwa wakijitosa kwenye chai kwa hiari yao, na ukimtoa mmoja anakutazama kama umemfukuza kwake. Maji ya karai yaling'ata. Wanafunzi wakaanza kuacha sahani chafu mezani na kukimbia, na Silvana akabaki akiziosha peke yake, vidole vikipasuka mpaka damu.

Ndipo akaja Loth. Huyu alikuwa waziri wa chakula katika serikali ya wanafunzi, kijana mwenye maneno mengi, anayevaa miwani ya jua kwenye ukungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuosha sahani yako ya jana?"

"Mama nawe! Nimekuja na suluhisho. Siku hizi hakuna mtu anaosha chombo. Tuweke vyombo vya kutupa. Mtu anapiga msosi, anatupa, anasepa. Wewe mikono inapona, sisi tunawahi vipindi. Kila mtu poa."

"Na vinatupwa wapi?"

Loth akatazama huku na huku, kisha akanyoosha mkono, akaonyesha anga lote la Ufipa. "Kwani nafasi imekwisha, mama?"

Silvana akacheka. Ndugu zangu, tangu lini ugonjwa ukaja na sura ya ugonjwa? Huu ulikuja na mzaha.

Vikaja vikasha vyeupe vya chakula, vikombe laini vya plastiki, vijiko, na vimfuko vyepesi vya kufungia maandazi. Sahani za bati zikafungiwa stoo. Vidole vya Silvana vikapona, na hilo tusilidharau. Mama wa watu alikuwa anaumia. Kila chai ilikuja na kikombe chake, na aliyetaka kuongezewa ilibidi akilinde, maana wenzake walikuwa wepesi wa mkono. Loth alikiandika cha kwake kwa kalamu ya wino mzito: LOTH, USIGUSE. Jioni anakitupa, kesho anaandika kingine.

Shimo la taka likajaa kabla ya Krismasi. Upepo wa kwetu hauna adabu, ukaingia mle shimoni na kugawa mali kwa kila mti. Mgeni mmoja kutoka pwani aliuliza yale maua meupe ya kwenye miti yanachanua miezi gani. Walijaribu kuchoma, moshi mweusi ukaingia madarasani, mwalimu akafundisha amefunga pua kwa tai yake. Mwezi wa Machi mkuu wa chuo akamwita Silvana.

"Mama, wakaguzi wanakuja. Taka ni za kantini yako. Nisione hata kijiko."

Na hapa ndipo Silvana alipofanya kosa ambalo ni Mfipa tu angeweza kulifanya.

Mnajua kilimo cha wazee wetu. Machi, udongo ukiwa bado laini, tunakata majani, tunayakusanya mafungu mafungu, tunageuza udongo juu yake mpaka linakuwa tuta la mviringo. Shamba zima linajaa matuta kama kambi ya vichuguu. Majani yanaoza humo ndani taratibu, na Novemba ukilifungua tuta unakuta mbolea nyeusi, laini, inanukia kama mvua. Mfipa analelewa akijua kwamba kitu kikizikwa vizuri kinarudi kikiwa chakula.

Tadei alikuwa ameshakata majani ya shamba lililopakana na uzio wa chuo, mafungu yamelala yanasubiri udongo, ndipo akaitwa Mpui kwenye msiba wa shemeji yake. Silvana akasimama uani. Akatazama mafungu ya majani upande huu. Akatazama taka upande ule.

"Ardhi hii imekula magugu, imekula mabua, imekula hata viatu vya marehemu mkwe wangu," akajisemea. "Itashindwa na vikasha?"

Akapika togwa, akamwita Loth na wenzake. Vijana wakaja kwa nyimbo, wakabeba magunia, wakamwaga juu ya kila fungu vikasha na vikombe na vimfuko, pamoja na mabaki ya pilau, mchuzi na chumvi yake, wakageuza udongo juu. Wakanywa togwa kwenye vikombe vya plastiki, na vikombe hivyo navyo wakavizika, wakapigapiga kwa jembe, wakapigana picha. Wakaguzi walipokuja, chuo kilikuwa kisafi kama altare ya kanisa. Mmoja wao alisimama kwenye uzio akayasifu matuta yale, akasema kilimo cha asili kinapendeza.

Tadei aliporudi kutoka msibani akakuta kazi yote imekwisha. Alisimama ukingoni mwa shamba, akaegemea fimbo yake.

"Mama Coleta. Umenifanyia haya yote? Na goti langu hili nilikuwa nawaza nitaanzia wapi."

Jumapili iliyofuata aliwasimulia watu nje ya kanisa, akasema wengine wameoa wanawake, yeye ameoa trekta. Watu wakacheka, wakampa Silvana mkono. Sasa niambieni, angeanzia wapi kumwambia?

Akanyamaza. Akanyamaza Aprili, akanyamaza Agosti, na ukimya ukiukalia muda mrefu unaota mizizi.

Turudi kwenye Novemba yetu. Mvua za kwanza ziliosha kingo za matuta. Tadei, kabla ya kuanza kulima, alikuwa akiwaachia maksai wale majani mabichi ya shambani kila jioni, wapate nguvu. Mtendaji alikula majani. Diwani alinusa chumvi ya mchuzi, akafukua. Siku chache kabla ya ile alfajiri ya kimya, Silvana alikwenda kuwarudisha, akaona kitu cheupe kinaning'inia mdomoni mwa Diwani. Akakishika, akavuta. Kikaja, kikaja, kikazidi kuja, mfuko umejisokota na mfuko, umejaa mate na uvundo wa mchuzi wa zamani.  Akatazama nyuma, akaukunja kwenye kitenge, akaenda kuuficha stoo nyuma ya gunia la ulezi.

"Nitamwambia kesho," alisema.

Kesho wakaja wageni. Kesho yake Tadei aliamka na furaha, hakutaka kuiharibu. Na jioni zote hizo hakuwa na sababu ya kusema ng'ombe wasiende shambani, maana sababu ndiyo ile ile aliyokuwa anaificha.

Sasa Diwani hakucheua. Ubavu wake wa kushoto ulianza kupanda, kwanza kama mtu aliyeshiba, kisha ukavimba kama ngoma. Alisimama kichwa chini, mate yanadondoka, akipewa majani anayanusa na kugeuza uso. Diwani kugeuza uso mbele ya chakula! Tadei alimsugua tumbo kwa magunzi, akamnywesha dawa za mizizi, akamtembeza huku na huku na goti lake bovu. Mvua kubwa zilizidi kukaribia, majirani wakaanza kulima, na kila plau iliyopita barabarani Silvana aliisikia kifuani. Usingizi ulimtoka. Chakula alikipika, akakipakua, hakukila. Aliingia stoo, akasogeza gunia la ulezi, akatazama ule mfuko, akarudisha gunia.

Tadei naye alikuwa anatafuta sababu, na anayetafuta sababu kwa hasira huipata haraka. Aliipata kwa Mboje.

Mboje alikuwa mfugaji Msukuma, alipandisha ng'ombe wake kutoka bonde la Mtowisa miaka mingi nyuma, boma lake liko ng'ambo ya kijito. Mwezi uliotangulia, Diwani aliingia lamboni akawasukuma ndama wa Mboje, akanywa kama analipa kisasi. Mboje akacheka mbele ya watu akasema, "Mzee Tadei, huyu wako atakufa kwa mdomo wake." Siku ile kila mtu alicheka. Sasa maneno yale yakafufuliwa yakiwa na sura nyingine.

"Alisema!" Tadei alifoka uani, na uani kulikuwa na Kalisti jirani yake na vijana kadhaa wenye fimbo. "Watu walisikia. 'Atakufa kwa mdomo wake.' Mtu hawezi kusema hivyo kama hajui alichoweka kwenye majani."

"Sumu hiyo," Kalisti alisema. "Alikutega. Leo ng'ombe wako, kesho wangu."

"Twendeni tukamuulize," kijana mmoja alisema, huku anapima uzito wa rungu. Hakuna anayehitaji rungu kuuliza.

Silvana alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Ng'ambo ya kijito aliona moshi wa jikoni kwa Mboje ukipanda, na watoto wake wakikimbizana na ndama. Tadei alishachukua panga ukutani. Wanaume wakaanza kutoka.

Sufuria ilimponyoka. Alikimbia, akawapita, akasimama kwenye njia ya kijito akatandaza mikono kama anayezuia mbuzi.

"Baba Coleta, usiende."

"Mama Coleta, toka njiani. Hili si la wanawake."

"Ni langu. Si Mboje. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

 Alirudi mbio stoo, akatoa ule mfuko uliojisokota, akautupa miguuni pa mumewe. "Huu niliuvuta mdomoni mwake kwa mkono wangu. Matuta unayojivunia, baba, hayana majani matupu. Nimezika taka za chuo humo ndani. Nilidhani zitaoza. Nilidhani ardhi itakula."

 Tadei aliweka panga chini polepole, akachukua jembe, akachechemea mpaka shambani, wote wakimfuata. Akapiga tuta la kwanza. Majani yalikuwa yameoza, yamekuwa udongo mweusi wa kupendeza kabisa. Na ndani ya udongo huo, vyeupe pee, vikasha na vijiko na vikombe, vizima kama vimetoka dukani asubuhi ile. Akapiga tuta la pili. Akapiga la tatu. Kisha akaliacha jembe limesimama humo, akamtazama mkewe, na Silvana alitamani apigwe kuliko kutazamwa vile.

"Umejua tangu lini kwamba anakula?"

"Tangu kabla hajaacha kucheua."

"Mimi namnywesha mizizi, na wewe unajua."

"Najua, baba."

Kalisti alikuwa wa kwanza kuondoka, fimbo ameificha ubavuni kama mtu aliyekuja nayo kwa bahati mbaya.

Bwana mifugo aliitwa kwa simu. Huyu bwana mifugo ni mwanamke, anaitwa Mariana, alikuja na pikipiki imejaa tope mpaka taa, akaweka sikio na mkono kwenye ubavu wa Diwani, akabonyeza kwa ngumi. Alama ya ngumi yake ikabaki pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Amejaa plastiki," alisema. "Haishuki wala haipandi. Tumpasue ubavuni, tutoe kwa mkono. Lakini amedhoofu. Mngeniita mapema ningewaahidi kitu. Leo siahidi. Nahitaji watu wa kumshika."

Watu walikuwa wametawanyika. Silvana alimtuma mtu amwite Loth, na Loth akaja na wenzake wanne, wakasimama mbali wakiwa wameziba pua. Lakini aliyeshika pembe alikuwa Mboje. Habari zilikuwa zimeshavuka kijito kabla yake. Alijua kilichokuwa kinamjia na kwa nini hakikufika. Aliingia zizini bila kumsalimia mtu, akashika pembe moja, akamwambia Tadei, "Shika hiyo nyingine."

"Mboje..." Tadei alianza.

"Mzee, shika kwanza. Tutatukanana baadaye."

Mariana alichoma sindano ya ganzi, akachana ngozi, akaingiza mkono mpaka begani. Akavuta. Mnadhani naongeza chumvi, kama kawaida yangu. Safari hii nitapunguza ili mniamini. Kilitoka kitu kinene kama kamba ya kufungia lori, mifuko imejisokota na mifuko, humo katikati vipande vya vikasha na vijiko vilivyovunjika. Karai likajaa. Likaletwa jingine, lile lile kubwa la kantini lililokuwa halina kazi tangu ile Juni ya baridi. Diwani alisimama anatetemeka, macho yake makubwa yamemkazia Silvana, aliyekuwa ameshika taa na hakuruhusiwa na moyo wake kutazama pembeni.

Mwisho kabisa Mariana akatoa kikombe kimoja kimebonyea, akakisuuza kwa maji, akakiinua kwenye mwanga. Wino ule mzito haukufutika. Akasoma kwa sauti, maana hakujua anasoma jina la nani:

"Loth, usiguse."

Wenzake Loth hawakucheka. Yeye mwenyewe alivua miwani yake, akasogea, akakipokea kile kikombe kwa mikono miwili kama anayepewa komunyo.

"Mama," alimwambia Silvana, na sauti haikuwa ya waziri, "mimi nilionyesha anga lote."

"Na mimi nikacheka," Silvana alijibu.

Alfajiri iliyofuata alikaa kitandani. Tadei naye alikuwa amekaa, kwa mara ya kwanza wanasikiliza wote wawili. Krau, krau, ya Mtendaji. Wakangoja. Kisha, mbali, nzito, kama mlango wa zamani unaofunguliwa: krau. Silvana alimshika mumewe mkono, naye hakuutoa. Siku ile Diwani alikunywa maji, akala majani kidogo, na mtaa mzima ulipita kumwona kama mgonjwa wa maana.

Jumapili, watu wakiwa kwenye misa, alilala ubavu na hakuinuka tena. Jeraha la nje lilikuwa linapona. La ndani lilikuwa limekaa siku nyingi mno.

Nyama haikuliwa, kwa sababu ya sindano. Tadei alichimba shimo mwenyewe, wanafunzi wakasaidia, na udongo ulipofunika pembe ya mwisho alisema maneno ambayo mpaka leo Silvana akiyakumbuka anaacha anachofanya. Alisema, "Huyu ataoza. Huyu ardhi itamkubali."

Mboje alikuwa na maksai wa kuungana na Mtendaji. Alikuja akasema atamtoa, kisha akainua kidole. "Lakini hatakanyaga shamba lile mpaka tuta la mwisho lifunguliwe na plastiki yote itoke. Wa kwangu naye ana mdomo."

Basi wakafungua. Chuo kizima kilishuka, wanafunzi na walimu na mkuu mwenyewe kwenye buti za kuazima, mvua inawanyeshea, wakichambua udongo kwa vidole kama mama anayechambua mchele. Mahindi ya Tadei yaliingia ardhini wakati ya wenzake yameshafika magotini, na mavuno yalikuwa nusu. Hilo siwafichi.

Sahani za bati zilitolewa stoo. Loth ndiye aliyesimama nyuma ya jiko la kantini, akaona moto wa kuni unavyobaki ukiwaka bure baada ya chakula kuiva, akaomba pipa la maji liwekwe juu yake. Wakaanza kuoshea vyombo kwa maji ya moto. Wanafunzi wakawa wanagombania karai, maana ndipo mahali pekee chuoni penye joto. Loth alikaa akatazama mvuke ule muda mrefu.

"Kumbe tulikuwa tunahitaji maji ya moto tu?" alisema.

 Ukutani, juu ya lile karai, Tadei alipigilia misumari miwili, akatundika upande wa nira aliokuwa akivaa Diwani. Mwanafunzi mgeni akiomba chombo cha kutupa, Silvana hagombi. Anamwonyesha ile nira kwa mwiko na kumwambia, "Kamwombe huyo. Akikubali, nitakupa."

MAFUNZO

Ndugu zangu, ninyi wa vyuoni hasa, sikilizeni. Kitu unachokitumia kwa muda wa kumaliza chai kitakaa duniani kuliko wewe, kuliko mwanao, kuliko jina lako lenyewe. Ardhi yetu ni karimu lakini si mjinga: inakula kilichowahi kuwa hai, kisichowahi kuwa hai inakitunza mpaka ikurudishie. Kwa hiyo usiseme "natupa", maana hakuna mahali panapoitwa kutupa. Kila mahali ni shambani kwa mtu. Beba sahani yako, beba kikombe chako, kioshe, na maji yakiwa ya baridi yapashe moto kabla hujatafuta ujanja. Wakuu wa vyuo nao wasiridhike na uwanja msafi siku ya wageni. Waulize uchafu umehamia kwa nani.

La pili ni hili. Plastiki ilimziba Diwani tumbo, lakini kilichomkosesha dawa ni kinywa kilichozibwa. Ukiona kosa lako linaanza kula, sema asubuhi ile ile, hata kama umesifiwa nje ya kanisa. Ukichelewa, watakuwepo watu wenye fimbo wanaotafuta jirani wa kumbebesha.

Na wewe unayesoma haya huku kikombe cha kutupa kiko mezani pako, kigeuze kidogo utazame. Usipoona jina lako hapo, usifurahi. Lipo.